Chupa, Glasi na Sahani: Uhakiki wa Tafiti za Ukomo wa Ujazo wa Vinywaji vya Sukari kwa Kuzingatia Vibanda vya Chipsi vya Segerea, Dar es Salaam

Utangulizi

Makala hii inahakiki tafiti tatu za Marekani zinazohusu swali moja: je, kuweka ukomo wa ujazo wa kinywaji chenye sukari kunapunguza kiasi cha nishati anachokipata mtu katika mlo wa haraka? Mtafiti yeyote anayeandaa pendekezo kuhusu sukari na uzito wa mwili jijini Dar es Salaam hukutana na tafiti hizi mapema, na kishawishi cha kuchukua muundo wake, kutafsiri hojaji zake na kwenda nazo uwandani ni kikubwa. Mwandishi wa makala hii hakukiepuka kishawishi hicho katika rasimu yake ya kwanza. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba muundo huo ukihamishiwa Segerea jinsi ulivyo utazaa jibu la sifuri, na kwamba sifuri hiyo haitakuwa na lolote la kusema kuhusu wakazi wa Segerea. Itakuwa imesema juu ya kifaa cha kupimia tu.

Jambo hili si la nadharia tupu. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza wa mwaka 2012 ulionesha kuwa takribani robo ya watu wazima wa Tanzania wenye umri wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na uzito uliozidi, na karibu 9% walikuwa na kiwango cha sukari ya damu kinachoashiria kisukari. Tafiti za hali ya afya ya uzazi na mtoto zinaonesha mwelekeo uleule: wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliozidi walikuwa 22% mwaka 2010 na 28% mwaka 2015–16, na hali ni ya juu zaidi mijini kuliko vijijini. Katika mazingira hayo, jibu la sifuri lenye mhuri wa chuo kikuu haliachwi likae kabatini. Litasomwa kuwa ni ushahidi kwamba kudhibiti vinywaji hakufai, na litasomwa hivyo kwanza na wale wenye maslahi katika kuuza vinywaji hivyo.

Kanuni ya New York na tafiti zilizoizunguka

Mwezi Mei 2012, Meya wa New York, Michael Bloomberg, alipendekeza kuwa migahawa, majumba ya sinema, viwanja vya michezo na vioski vya chakula visiuze kinywaji chenye sukari katika chombo kinachozidi aunsi 16, yaani takribani mililita 473. Bodi ya Afya ya jiji iliipitisha kanuni hiyo tarehe 13 Septemba 2012, ianze kutumika tarehe 12 Machi 2013. Siku moja kabla ya kuanza, Jaji Milton Tingling aliibatilisha. Tarehe 26 Juni 2014 Mahakama ya Rufani ya Jimbo la New York ilithibitisha ubatilishaji huo kwa majaji wanne dhidi ya wawili, kwa msingi kwamba Bodi ilikuwa imejitwalia kazi ya kutunga sera ambayo ni ya Baraza la Jiji. Kanuni hiyo, kwa hiyo, haikuwahi kutumika hata siku moja. Ukweli huu husahaulika katika mapitio mengi ya maandiko, ambamo New York hutajwa kana kwamba ni jiji lililojaribu na kuona. Kinachonukuliwa ni makadirio na majaribio ya pembeni.

Makadirio yanayonukuliwa zaidi ni ya Elbel na wenzake (2012). Watafiti hawa walitumia risiti za wateja 1,624 walionunua vinywaji vyenye sukari katika migahawa ya vyakula vya haraka kwenye miji ya mashariki ya Marekani. Waligundua kuwa takribani 62% ya vinywaji hivyo vilizidi aunsi 16, na wakakadiria kwamba iwapo wanunuzi wote wa vyombo vikubwa wangeshuka hadi aunsi 16, kila ununuzi ungepungukiwa wastani wa kilokalori 63. Ubora wa kazi hii ni kwamba inaegemea risiti, ambayo haisahau wala haioni haya, tofauti na kumbukumbu ya mtu. Udhaifu wake ni kwamba risiti inashuhudia kilichonunuliwa, nayo haijui kilichonywewa, kilichomwagwa wala kilichogawanywa. Waandishi hawakulificha hilo. Waliolificha ni waliowanukuu.

Utafiti wa pili ni wa Wilson na wenzake (2013), waliowapa wanafunzi wa chuo orodha za bei za kubuni: moja yenye vyombo vya saizi tofauti, nyingine yenye vyombo vidogo vilivyofungwa pamoja viwili viwili, na ya tatu yenye chombo kidogo pekee. Washiriki walichagua kununua aunsi nyingi zaidi walipopewa vifungu vya vyombo vidogo kuliko walipopewa saizi mbalimbali. Hitimisho lililosambaa ni kuwa ukomo wa ujazo unaweza kumrudi aliyeuweka. Ikumbukwe, hata hivyo, kuwa hakuna aliyekunywa kitu katika jaribio hilo na hakuna aliyetoa fedha mfukoni. Ni utafiti wa kalamu na karatasi kuhusu koo na tumbo. John, Donnelly na Roberto (2017) walipofanya majaribio ambamo watu walikunywa kweli, vifungu havikuongeza unywaji. Kilichouongeza ni kujaziwa tena bure. Utafiti wa Wilson na wenzake bado unanukuliwa peke yake, bila huu uliofuata, na hilo ni kosa ambalo mtahini anapaswa kulitilia alama.

Utafiti wa tatu ni wa Flood, Roe na Rolls (2006), ambao kwa maoni ya mwandishi ndio wenye uzito kuliko yote ingawa ulitangulia mjadala wa New York kwa miaka sita. Washiriki walipewa chakula cha mchana mara moja kwa wiki pamoja na kinywaji cha aunsi 12 au 18, kikiwa kola, kola isiyo na sukari au maji. Kinywaji kilipoongezwa, walikunywa zaidi. Lakini chakula walichokula hakikubadilika kwa kiasi cha maana, awe mtu amekunywa maji au kola. Nishati ya kinywaji ilijipanga juu ya nishati ya chakula bila kuipunguza. Kama matokeo haya yanashikilia kwingineko, basi swali la ujazo wa kinywaji lina maana popote pale soda inaponywewa na chakula, Segerea ikiwemo. Linalobaki ni namna ya kulipima.

Segerea: ukomo uliokuwepo bila sheria

Segerea iko upande wa magharibi wa jiji, baada ya Tabata, kwenye barabara iendayo Kinyerezi. Watu wengi nje ya Dar es Salaam hulijua jina hilo kwa sababu ya gereza. Anayekaa huko hulijua zaidi kwa foleni ya jioni na kwa vibanda vya chipsi vinavyowashwa jua linapozama: kabati la kioo lenye taa, jiko la mkaa, karai, mishkaki pembeni na ndoo ya kachumbari. Hapa ndipo dhana ya „mgahawa wa vyakula vya haraka” inapopaswa kuwekwa ikiwa itakuwa na maana yoyote. Mama lishe naye huuza chakula kwa haraka, lakini wali na maharage yake si kile kinachokusudiwa na fasihi ya Marekani. Kinachokaribia ni chipsi kavu, chipsi kuku, na chipsi mayai ambazo vijana huziita zege.

Mteja akiagiza soda kwenye kibanda, swali analoulizwa kwanza ni „baridi au ya moto?” Haulizwi ukubwa. Soda kwa Kiswahili cha mtaani huhesabika kwa chupa: soda moja, soda mbili. Kwa miaka mingi chupa hiyo imekuwa ya kioo, ya takribani mililita 350, nayo hairuhusiwi kuondoka bila kuachiwa fedha ya dhamana au chupa nyingine, kwa kuwa lazima irudi kwenye kreti. Matokeo yake ni mfumo ambao Bloomberg angeuonea wivu. Ujazo umewekewa ukomo ulio chini ya ule wa New York kwa zaidi ya mililita 100. Mnywaji analazimika kunywa akiwa pale pale. Na kila nyongeza inahitaji uamuzi mpya na malipo mapya. Hakuna kujaziwa bure. Ukomo huu haukuwekwa na bodi ya afya. Uliwekwa na gharama ya kioo.

Kilichoubadilisha ni chupa ya plastiki. Chupa ya plastiki ya mililita 500 haidai kurudishwa. Inaingia kwenye mkoba, inapanda daladala, inanywewa nyumbani. Tukichukua kola ya kawaida yenye takribani gramu 10.6 za sukari na kilokalori 42 kwa kila mililita 100, chupa ya kioo ya mililita 350 ina gramu 37 za sukari na kilokalori 147, na ya plastiki ya mililita 500 ina gramu 53 na kilokalori 210. Pendekezo la Shirika la Afya Duniani la mwaka 2015 ni kuwa sukari ya kuongezwa isizidi 10% ya nishati ya siku, ambayo kwa mlo wa kilokalori 2,000 ni gramu 50. Chupa ya kioo inaacha nafasi ya chai ya asubuhi, ikiwa chai yenyewe si ya vijiko vingi. Ya plastiki inaimaliza siku nzima.

Tofauti kati ya chupa hizo mbili ni kilokalori 63, tarakimu ileile aliyoipata Elbel na wenzake. Ni sadfa, na isichukuliwe zaidi ya hapo. Lakini tazama kinachotokea kanuni ya New York ikihamishwa kama ilivyo. Ukomo wa mililita 473 ungeigusa chupa ya plastiki kwa mililita 27 tu, yaani kilokalori 11, na chupa ya kioo usingeigusa kabisa. Mtafiti atakayeuliza Segerea kuhusu aunsi 16 atakuwa anauliza kuhusu kilokalori 11.

Sahani isiyo na risiti

Kilokalori 11 ni nishati iliyomo katika gramu moja na kidogo ya mafuta ya kula. Hapo ndipo muundo wa utafiti unapovunjika. Katika migahawa ya Marekani aliyotumia Elbel, kila bidhaa ina uzito uliosanifiwa na thamani ya nishati iliyochapishwa, hivyo risiti inatosha kugeuzwa kuwa kalori. Kibanda cha chipsi hakitoi risiti, na kama kingetoa, ingeandikwa „chipsi mayai 1”. Sahani hiyo hujazwa kwa jicho. Chipsi zilizokaangwa saa kumi na kurudishwa karaini saa mbili usiku hunyonya mafuta tofauti na zilizotoka kwenye maji. Mafuta yenyewe yana umri wake. Yai ni moja au mawili. Mteja wa kila siku huongezewa kidogo na mgeni hapunguziwi wala haongezewi. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ni takribani kilokalori 120. Mabadiliko ya nusu kijiko kati ya sahani na sahani yanalingana na tofauti nzima ya chupa ya kioo na ya plastiki.

Majedwali ya Virutubisho vya Vyakula vya Tanzania ya mwaka 2008 ni nyenzo muhimu, lakini hutoa thamani kwa kila gramu 100, hayamsaidii anayejua tu kuwa mtu alikula „sahani moja”. Hivyo mtafiti anayetumia hojaji ya kukumbuka mlo wa jana, halafu akajumlisha soda na chipsi kuwa kilokalori za mlo, atakuwa ameificha athari ya kinywaji ndani ya kosa la sahani. Jaribio lake la kitakwimu litasema hakuna tofauti ya maana. Litakuwa limesema kweli kuhusu data yake. Suluhisho si kuongeza sampuli peke yake, maana kosa la sahani halisambai kwa bahati: mwenye njaa hupata sahani kubwa na hununua soda kubwa, na mambo haya mawili yakienda pamoja hakuna wingi wa watu utakaoyatenganisha.

Kuna jambo la lugha linaloingia hapa, nalo wenzetu wa lishe hawalitazami. Watu husema soda ni ya kushushia. Kitenzi hiki kina nadharia ndani yake: kinywaji kinafuata chakula, kinakisukuma, na kiasi chake kinategemea ukavu wa kilichotangulia. Chipsi kavu zinadai cha kushushia kuliko zege lenye kachumbari nyingi. Fasihi ya Marekani huchukulia kinywaji kuwa bidhaa inayojitegemea, ambayo ikipunguzwa inajipunguza yenyewe tu. Pale inaposhushia, swali la kwanza ni nini kitashushia badala yake. Maji ya chupa kibandani yana bei inayokaribiana na soda ya kioo, na mteja anayelinganisha bei hizo mbili hahitaji elimu ya lishe kuona ni ipi inayoonekana kuwa na kitu ndani. Zaidi ya maji kuna juisi ya miwa, juisi ya ukwaju au embe iliyotiwa sukari kwenye jagi, na vinywaji vya kuongeza nguvu. Kanuni ya New York ilisamehe juisi halisi ya matunda na vinywaji vyenye maziwa kwa zaidi ya nusu. Jagi la ukwaju halina nembo inayoonesha kama linastahili msamaha.

Kubwa la nani?

Katika hojaji nyingi chombo huchukuliwa kuwa ni cha mnywaji mmoja. Dhana hii inafaa mtu anayekula peke yake ndani ya gari. Segerea, chupa ya plastiki ya lita moja na zaidi hununuliwa ili igawanywe: mgeni amefika, watoto wanasubiri, glasi zinapangwa. Mgeni kupewa soda ni heshima, na mwenyeji anayeleta chupa moja kubwa na glasi tano amemheshimu kila mtu kwa gharama nafuu. Glasi hizo haziwi na zaidi ya mililita 200 au 250. Ukomo wa ujazo ukiondoa chupa hiyo, mwenyeji hataacha kukirimu. Atanunua chupa tano za mililita 350, na kila mtu, mtoto akiwemo, atapata zaidi. Hapa hofu ya Wilson na wenzake kuhusu vyombo vidogo inarudi kwa mlango mwingine, na safari hii haitegemei saikolojia ya orodha ya bei. Inategemea adabu.

Kwa upande mwingine, Tanzania imewahi kutunga sera ya ujazo, nayo ilielekea upande ulio kinyume. Kuanzia tarehe 1 Machi 2017 serikali ilipiga marufuku pombe kali iliyofungashwa katika vifuko vya plastiki, viroba. Kilichoonekana kuwa hatari ni udogo: kiroba kilikuwa rahisi kwa bei, rahisi kuficha, na kilimfikia kijana asiyeweza kununua chupa. Anayenunua sukari na mafuta ya kupima anajua mantiki hiyo bila kufundishwa. Palipo na kipato cha siku kwa siku, udogo wa kipimo unafungua mlango ambao ukubwa ungeufunga. Ni ajabu kidogo kwamba mapitio ya maandiko yanayoandikwa hapa nchini kuhusu ukomo wa vinywaji huenda hadi New York bila kupitia viroba. Sisemi kuwa soda ni pombe. Ninasema kuwa kielelezo chetu wenyewe kinaonesha ukomo wa juu na ukomo wa chini ni sera mbili tofauti, na mtafiti anayeshauri kupunguza chupa anapaswa kuonesha kwamba chupa ndogo, ya bei ndogo, haitamwingiza mnywaji ambaye sasa yuko nje.

Suala la mamlaka nalo si dogo, ingawa hapa litapitiwa kwa ufupi. New York kanuni iliwabana wauza chakula na kuyaacha maduka ya bidhaa yaliyo chini ya usimamizi wa jimbo. Segerea, muuza chipsi mara nyingi hana friji. Kijana wake hutumwa duka la jirani. Sheria ndogo inayombana muuza chakula itapita mbele ya friji bila kuigusa. Tena sheria ndogo ya Halmashauri ya Jiji, hata ikipata idhini ya waziri, itaishia kwenye mpaka wa Temeke au Ubungo. Kodi haina shida hiyo. Ushuru wa bidhaa wa Tanzania kwa vinywaji baridi hutozwa kwa lita, hivyo lita yenye sukari nyingi na yenye kidogo hulipa sawa. Afrika Kusini tangu tarehe 1 Aprili 2018 hutoza kwa kila gramu ya sukari inayozidi gramu 4 katika mililita 100. Mtafiti anayetaka kujua ni sera ipi ijaribiwe Dar es Salaam atapata swali lenye manufaa zaidi katika tofauti hiyo kuliko katika aunsi 16.

Kipimo kinachopendekezwa

Mwandishi anapendekeza hojaji iache kuuliza „unakunywa soda ya ukubwa gani?”, kwa kuwa msailiwa atajibu „ya kawaida” na atakuwa sahihi. Iulizwe soda ilikuwa ya kioo au ya plastiki, ilinywewa pale au iliondoka, na watu wangapi waliinywa. Maswali haya matatu yanajibika bila kukadiria mililita, na kila jibu lina ujazo wake unaojulikana.

Sahani ipimwe kwa mizani kabla ya kuliwa, na mabaki yapimwe baada ya hapo, kwa ridhaa ya mwenye kibanda na ya mteja. Chupa nayo ipimwe ikirudi, kwa sababu chupa ya kioo ina faida ambayo risiti ya Elbel haikuwa nayo: inabaki mezani na kilichobaki ndani yake. Ulinganisho ufanywe kwa mteja yuleyule katika siku tofauti, soda ya kioo siku moja na ya plastiki siku nyingine, badala ya kumlinganisha mtu na mtu, ili njaa yake na upendeleo wa muuzaji visichanganywe na ujazo wa chupa. Nishati ya kinywaji na nishati ya chakula ziripotiwe katika majedwali mawili, zisijumlishwe kabla ya kuonekana kama ya pili ilisogea wakati ya kwanza iliposogezwa.